Shajara ya kuhama: tutazeekea wapi?

Tabata Segerea, Jumapili 7 Julai 2024

Nafungua daftari hili leo kwa sababu maneno yamekuwa mengi na maandishi hakuna. Mimi na mume wangu tumezungumzia kuhama Dar tangu alipostaafu bandarini, na kila tukikaa tunaanza upya kama hatujawahi kuligusa jambo lenyewe. Mimi natimiza miaka sitini Machi 2026. Kazini tunafundishwa kwamba kisichoandikwa kwenye faili la mgonjwa hakijafanyika, basi na hili nalo liwe na faili lake.

Yaliyo mezani ni manne. Lushoto, kwao mume wangu, ana eneo la urithi upande wa Lukozi. Morogoro, kwa sababu treni ya umeme imeanza mwezi uliopita na mtaa mzima hauzungumzi kingine. Tanga mjini, wazo langu mwenyewe, ambalo mpaka sasa nalisema kwa sauti ya chini. Na kubaki hapahapa Segerea, wanakotaka watoto.

Fedha kwanza, maana bila hiyo tunapiga porojo. Bajeti ya mwaka huu imepandisha mkupuo, ile sehemu ya pensheni unayopewa kwa mara moja ukistaafu, kutoka 33% hadi 40% kwa sisi ambao zamani tungepata nusu. Hesabu yenyewe haina uchawi. Unachukua miezi uliyochangia, unagawa kwa 580, unazidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka katika ile miaka mitatu bora. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake unaizidisha kwa 12.5, unapata mkupuo. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi kumi na miwili, unalipwa kila mwezi mpaka mwisho wa uhai.

Niliajiriwa Aprili 1994, kwa hiyo nitamaliza na miezi 384. Nikiweka wastani wa mshahara wa 1,500,000 kwa mwezi, mkupuo unakuja kama milioni 59 na laki sita, na pensheni kama 596,000 kwa mwezi. Nimerudia mara tatu kwenye simu.

Mkupuo ule ukiutazama kwenye karatasi unaona nyumba. Nawajua wenzangu wanne walioona hivyohivyo, wakamwaga zote kwenye msingi na kuta, na mpaka leo nyumba hazijapauliwa. Nimeandika kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa: POPOTE TUTAKAPOKWENDA, MAISHA YA KILA SIKU YATOKE KWENYE ILE 596,000 NA KODI YA NYUMBA HII. MKUPUO USIGUSWE MWAKA WA KWANZA. Mume wangu amesoma, akaniambia, "Mama, hiyo ni amri ya wodini." Ndiyo, ni amri.

Alhamisi 22 Agosti 2024

Jana tulitembelewa na mwuguzi mwenzangu aliyenitangulia kustaafu. Huyu dada alijenga Njombe, kwao mumewe. Nyumba nzuri, bati la rangi, vigae sebuleni. Amekaa miezi kumi na minne, amerudi Dar, sasa wanaishi chumba na sebule kwa mtoto wao.

Nilimuuliza taratibu, maana sikutaka aone nachokonoa. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Dada, kwa miaka ishirini Njombe nilikuwa naiona Desemba tu."

Desemba ukoo wote uko nyumbani, magari yamejaa uani, ng'ombe amechinjwa, watoto wanapiga kelele mpaka usiku. Januari tarehe tano wote wanaondoka. Wakabaki wao wawili na mzee mmoja jirani asiyesikia vizuri. Halafu ukaja Juni na ule ubaridi, asubuhi nyasi nyeupe kwa umande ulioganda. Wanaye mtu wa kuwachotea maji, wanazo kuni, lakini kuanzia saa kumi na mbili jioni hakuna wa kumwambia neno.

Sikulala vizuri usiku. Asubuhi nikamwambia mume wangu kwamba tusiende kokote wakati wa uzuri wake. Tanga tuione Februari, joto la kaskazi likiwa limesimama. Morogoro masika. Lushoto Julai. Tukae wiki mbili kila mahali tukinunua wenyewe, tukipika wenyewe, bila sikukuu wala harusi. Alinyamaza kidogo kisha akakubali, kwa sharti kwamba Segerea nayo ipimwe kwa kipimo hichohicho. Ana haki. Segerea masika naijua: bonde la Msimbazi likijaa, kutoka hapa kwenda mjini ni safari ya nusu siku, na Jangwani ikifungwa mabasi ya mwendokasi nayo yanakatisha.

Jumamosi 12 Oktoba 2024

Morogoro, kwenda na kurudi siku moja. Hii si ziara ya kupima, ni ya kuangalia tu.

Treni naisifu bila kificho. Sh 13,000 daraja la kawaida, chini ya saa mbili, unashuka na nguo hazina mkunjo. Miaka yote hiyo tukipita Chalinze kwa basi, kusubiri malori Mlandizi, leo unafika Morogoro chai ya asubuhi bado iko tumboni. Mtu anayetaka kuonana na wajukuu wake Dar kila mwezi, hapa pamemfaa.

Dalali alitupokea, akatupeleka upande wa Bigwa, chini ya Uluguru. Kiwanja cha miguu 60 kwa 80, kimya, miembe mitatu, kijito kando yake kinachopita maji membamba kama kamba. Akatuonyesha bikoni mbili za mpaka, nyingine mbili akasema ziko majanini. Bei milioni tisa. Mume wangu alikaa kwenye jiwe pale kijitoni akavua viatu. Niliona kabisa amekwishahamia.

Nilimwambia dalali tutarudi Aprili. Akacheka, akasema Aprili kitakuwa kimeuzwa. Nikamjibu basi kitakuwa hakikuwa chetu. Tukampa hela yake ya usumbufu tukaagana vizuri.

Jumamosi 28 Desemba 2024

Kikao na watoto. Binti yetu mkubwa alisema wazi kwamba akienda kazini anategemea watoto wanashinda kwangu. Nilimshukuru kwa kusema ukweli. Nilimwambia pia kwamba mimi nimelea watoto wa watu wodini miaka thelathini, na zamu hii nataka kuimaliza nikiwa na nguvu za kufanya jambo langu. Alilia kidogo. Kijana wa Dodoma alisema tukihama tusiuze Segerea. Hilo tumelipitisha wote: nyumba haiuzwi, inapangishwa, ili mlango wa kurudi uwepo.

Tanga, 9 hadi 22 Februari 2025

Naandika siku ya mwisho, nikiwa nimeloa jasho saa moja asubuhi. Joto la Tanga mwezi huu ni zito. Upepo unakuja kutoka baharini lakini una chumvi na unyevu, kanga inakugandia mgongoni kabla hujafika sokoni. Usiku feni haizimwi. Siku mbili umeme ulikatika, tukatandika mkeka barazani kama walivyofanya majirani wote.

Tulipanga vyumba viwili na sebule Ngamiani, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba, nyumba ya uani yenye mwarobaini. Mwenye nyumba alikubali kutupa wiki mbili kwa sababu mpangaji wake mpya anaingia mwezi ujao. Kodi ya kawaida ya nyumba ya namna hii tuliyotajiwa ni 250,000 kwa mwezi. Maji yalitoka bombani kila siku. Naandika hilo kwa herufi kubwa moyoni, maana Segerea nimeishi na simtanki kama mtu wa familia.

Jambo la pili ni ardhi yenyewe. Iko tambarare. Goti langu la kushoto, ambalo Segerea linanilazimu kushuka kile kimteremko kwa ubavu, hapa halikuniuma hata siku moja. Watu wazima wanaendesha baiskeli kwenda sokoni, wanawake wenye umri wangu, ushungi umefungwa vizuri, kikapu mbele. Mume wangu alikodi moja siku ya tatu. Alikuwa hajapanda baiskeli tangu ujana. Alirudi saa nzima baadaye na samaki, vibua, wamefungwa kwenye gazeti, anahema lakini uso umechanua, akasema amefika mpaka Raskazone.

Na hili la tatu ndilo lililonishika. Siku ya nne jirani wa mkono wa kulia alileta vitumbua, akakaa, akaniuliza kwetu wapi, watoto wangapi, nasali wapi. Siku ya sita akanichukua kwenye kisomo cha akina mama. Wana mfuko wao wa kufa na kuzikana, Sh 2,000 kwa mwezi, daftari liko kwa mama mmoja anayekaa nyumba ya kona, na kila mchango umeandikwa kwa jina na tarehe. Nililiomba nikalisoma. Kuna wapangaji mle, si wenyeji tu. Niliuliza mgeni anasubiri muda gani kabla ya kuandikwa. Yule mama aliniangalia kwa mshangao. "Ukishahamia si unakuwa jirani? Unasubiri nini?"

Mji huu wanauita wa waja leo waondoka leo. Mimi nilichokiona ni kwamba aliyekuja jana hawamwachi peke yake.

Kasoro: wengi wanaotusemesha kuhusu viwanja wanatuelekeza kaskazini, njia ya Chongoleani, kwa sababu bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia kule. Kila dalali anasema nunua sasa, kesho hutaiweza bei. Inawezekana ni kweli kwa mwenye miaka thelathini. Mimi sinunui ardhi kwa kuhofia bei ya kesho, nikiwa na miaka hamsini na nane.

Mume wangu anasema Tanga ni nzuri. Anasema pia kwamba hajaona mlima hata mmoja wiki mbili nzima.

Morogoro, Jumamosi 12 Aprili 2025

Mvua tangu juzi. Tulikwenda moja kwa moja Bigwa bila kumwambia dalali. Kijito chembamba kama kamba kimekuwa mto mwekundu wenye magogo. Miembe miwili imesimama ndani ya maji. Zile bikoni mbili tulizoonyeshwa hazionekani, ziko chini. Kijana mmoja anayechunga mbuzi alituambia kila masika ni hivi. Na hata kama pasingejaa, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tulipopima kwa hatua, kiwanja chote kiko ndani ya hizo mita.

Mume wangu alisimama na mwavuli akatazama lile jiwe alilokalia Oktoba. Halikuwepo.

Morogoro pana viwanja vizuri vilivyopimwa, Kihonda na kwingineko, sitaki kuusingizia mji kwa kiwanja kimoja. Ila hatuna mtu pale. Kilichotuita ni treni, na treni ni ya kusafiria. Nimefuta Morogoro.

Lushoto, 4 hadi 17 Julai 2025

Nimeacha kuandika siku nyingi humu kwa sababu vidole vilikuwa baridi, kisha kwa sababu ya yaliyotokea. Nitaandika yote leo tarehe 16.

Kwanza uzuri wake, kwa haki. Ile barabara ya kupanda kutoka Mombo, kilomita 33 za kona, mwamba upande huu na bonde upande ule, unapita Soni maji yakimwagika, na kila kona hewa inabadilika mpaka unafunga dirisha. Mume wangu tangu Soni alikuwa anasalimiana na watu asiowajua. Kisambaa chake, ambacho Dar kinalala mwaka mzima, kilirudi chote. Kijijini shemeji yangu mkubwa na mkewe walitutolea chumba chao wenyewe. Kabichi, karoti na viazi tulipewa hata tukakosa pa kuviweka. Makaburi ya wakwe zangu yako chini ya mparachichi, yamefagiliwa. Mume wangu alikwenda kukaa pale kila asubuhi na kikombe cha chai.

Eneo lake ni la mteremko, linatazama mashariki. Ameshachora kichwani nyumba itakaa wapi. Nilimwona akipima kwa hatua, anarudi nyuma, anatazama, anasogea tena. Mwanamume wa miaka sitini na sita anapima chumba cha kulala cha uzee wake kwenye udongo wa baba yake. Nilimwomba Mungu anipe moyo wa kupapenda.

Usiku wa tarehe 9 ulikuwa wa ukungu. Jikoni kulikuwa kumepikwa kwa kuni mpaka usiku, moshi umetambaa nyumba nzima, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Mume wangu ana pumu ya miaka mingi, Dar inamsumbua mara moja moja. Saa nane kasorobo nilisikia ule mluzi kifuani mwake kabla hajaamka. Nilipowasha tochi alikuwa amekaa kitako, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka.

Pampu yake ya pumu ilikuwa moja na ilikuwa nyepesi mkononi. Mimi mwuguzi wa miaka thelathini na mmoja nilikuwa nimesafiri na pampu moja. Nalitamka hapa kwa sababu ni kosa langu. Nilichukua chupa ya maji ya nusu lita, nikaitoboa kitako kwa kisu kilichopashwa moto, nikachomeka mdomo wa pampu kwenye tundu, mdomo wa chupa akaushika kwa midomo yake. Puli moja, avute taratibu mara nne, puli nyingine. Kwa chupa dawa inafika kwenye mapafu badala ya kuishia kooni. Zilitoka puli saba kisha ikawa upepo mtupu. Kipima oksijeni cha kidoleni kilisoma 88.

Shemeji alikwenda kugonga kwa kijana wa bodaboda. Tulipanda watatu, kijana mbele, mume wangu katikati amefungwa mashuka mawili, mimi nyuma nimemkumbatia nikisikia kifua chake kwenye mikono yangu. Ukungu ulikuwa mzito, taa ya pikipiki haikuvuka hatua tano. Kijana aliendesha kwa kusikiliza barabara. Sikumbuki baridi. Nakumbuka nahesabu pumzi: thelathini na mbili, thelathini na nne.

Kwenye zahanati tulimpata mhudumu, na alifanya alichoweza. Mashine ya mvuke haikuwepo, na mtungi wa oksijeni ulikuwa hauna kitu. Alitupa pampu mpya na sindano, kisha akampigia simu mwalimu mmoja mwenye gari, Noah. Mwalimu alikuja na pajama chini ya koti. Hospitalini Lushoto mjini walimpokea haraka, mvuke, oksijeni, dripu, na kufika alfajiri alikuwa anasoma 95 na ameniuliza kama nimekula.

Nilitazama saa. Tangu nilipowasha tochi mpaka alipowekewa oksijeni: saa moja na dakika hamsini.

Tulikaa wodini siku mbili. Siku ya pili mchana, watu wametoka, alinishika mkono akasema jambo ambalo miaka thelathini na tatu ya ndoa sijawahi kumsikia akilisema. "Juzi nilipokuwa katikati yenu pale kwenye pikipiki, sikuogopa kufa. Niliogopa kwamba nikifa, wewe utabaki kule juu, kwenye nyumba ya ukoo, ukiwa mgeni." Alivuta pumzi. "Ndugu zangu ni watu wema. Lakini wewe umezaliwa Kisarawe. Utabaki pale kama nani?"

Swali hilo nilikuwa nalo mwaka mzima na nilikosa pa kulianzia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, najua, na hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina yetu wote wawili. Nilikwishauliza. Karatasi ingenilinda nisifukuzwe. Lakini ni nani angenigongea mlango saa nane usiku, wakati kila anayejua jina langu kule analijua kupitia kwake?

Nilimwambia simnyimi kwao. Nikamwambia pia kwamba siwezi kumuuguza kwa chupa ya maji kila Julai.

Jana alikwenda kuongea na kaka yake, wawili tu, kule makaburini. Walikaa kutoka chai hadi adhuhuri. Waliporudi shemeji aliniita, akaniambia eneo litaendelea kuwa la mume wangu, yeye atalilima kabichi na mapato watagawana, na serikali ya kijiji itaandika hivyo mbele ya mashahidi. Kisha akasema, "Shemeji, mlete tu Desemba na Januari, kukiwa na jua. Nyumba ndogo ya vyumba viwili tutaisimamisha taratibu, ya kufikia." Aliongea akitazama chini. Yeye alikuwa akimsubiri mdogo wake arudi kwa miaka arobaini.

Tanga, Jumamosi 16 Agosti 2025

Tumerudi kwa jambo moja.

Nyumba tuliyoiona safari hii iko hatua chache kutoka ile ya Februari, jirani ni yuleyule wa vitumbua. Jana usiku tulilala kwenye nyumba ya wageni mtaa huohuo. Niliweka saa iamshe saa nane kamili. Ilipolia tuliamka kama tulivyo, mume wangu na kanzu ya kulalia, mimi nimejitanda kanga. Nilimpigia dereva wa bajaji ambaye jirani alinipa namba yake. Sikumwambia kwamba ni jaribio mpaka tulipopanda.

Kutoka kitandani mpaka geti la Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo: dakika kumi na nne. Saba kati ya hizo ni za kumsubiri dereva avae. Tulikaa kwenye bajaji nje ya geti, bahari inasikika chini kule, dereva akatuuliza kama tunashuka. Mume wangu akamwambia hapana kijana, turudishe, tumeshapaona. Nilimlipa mara mbili.

Asubuhi tulikwenda stendi kuulizia basi la Lushoto. Lipo la asubuhi, linapita Muheza, Korogwe, Mombo, unakula chakula cha mchana mlimani. Mume wangu aliandika saa ya kuondoka kwenye kitambulisho chake cha bandari, kile cha zamani, ambacho bado anatembea nacho.

Segerea, Jumapili 31 Agosti 2025

Yaliyokwisha na yaliyobaki.

Tumelipa kodi ya miezi sita kuanzia Aprili 2026, mkataba umesainiwa kwa mtendaji wa mtaa. Haturuhusiwi kununua kiwanja Tanga mpaka masika mawili yapite, na hilo tumelisaini sisi kwa sisi, ukurasa wa nyuma wa daftari hili, binti yetu shahidi. Wajukuu watakuja likizo zote mbili ndefu. Binti amekwishatafuta msichana wa kumsaidia na ameanza kumzoeza.

Segerea itakuwa na wapangaji wawili, nyumba kubwa na banda la uani, kwa pamoja laki nne. Ukiongeza pensheni yangu na ya mwenzangu, kodi ya Tanga inalipika na kinabaki cha dawa. Bima yetu ya afya itaendelea kwangu na mwenza wangu tukiwa wastaafu. Uhakiki wa pensheni tutaufanya kwa simu.

Ofisi ya utumishi imeniambia fedha ya kusafirisha mizigo itahesabiwa mpaka Kisarawe, kwa sababu ndipo faili langu linaposema ni kwetu. Nilijaza fomu ile nikiwa na miaka ishirini na minane. Kwa hiyo gharama ya kutoka hapa hadi Tanga ni yetu, na nimeanza kuuliza bei ya kukodi lori la Fuso. Kabati la vyombo litabaki. Cherehani inakwenda, na mitungi miwili ya mbegu za maua, na simtanki hapana.

Pampu za pumu zinakaa sehemu tatu sasa: kando ya kitanda, kwenye mkoba wangu, na kwenye mfuko wa koti lake la Lushoto. Nimeandika tarehe ya kuisha dawa kwenye kila moja kwa kalamu nyekundu.

Jana nilimtumia yule mama wa nyumba ya kona Sh 2,000 kwa simu. Amenijibu kwamba nimeandikwa, namba 61, mume wangu 62.